Mama Cherehani na Ruta Iliyojisahau

Mama Cherehani hakuwahi kushona hata kifungo kwa mashine. Jina hilo alipewa ofisini, enzi za mashine za chapa, kwa sababu ukipita koridoni na mlango wake umefungwa, ungeapa kwamba ndani kuna fundi nguo anayekimbizana na sare za shule. Alichapa bila kuangalia vidole. Macho yalikuwa kwenye karatasi ya bosi, masikio kwa aliyesimama mlangoni akimsimulia ya mtaani, na mikono ikijiendea yenyewe. Alipostaafu jina likamfuata nyumbani, na hata mwanawe, akiwa na jambo la kumbembeleza, alimwita hivyo hivyo.

Mwanawe huyo alioa fundi wa mitandao, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, anayepanda mapaa ya watu na begi la nyaya mgongoni. Alimwita mkewe Fundi, na jina likanata. Mama Cherehani alimpenda mkwewe, lakini kwa mbali, kama unavyoipenda nyumba ya jirani iliyopakwa rangi vizuri. Hawakuwahi kukwaruzana hata siku moja, na pengine hapo ndipo palipokuwa na shida. Walikuwa wakiamkiana kwa heshima, wakiulizana hali ya ukoo mzima, mmoja baada ya mwingine hadi watoto wachanga, kisha kila mtu anabaki kukitazama kikombe chake.

Basi siku moja Fundi alikuwa anafunga antena juu ya duka la dawa, ngazi ikateleza, akaangukia mikono. Vifundo vyote viwili vya mikono vikavunjika. Alifungwa plasta kutoka karibu na viwiko mpaka kwenye mashina ya vidole, na vidole vyenyewe vikabaki vimechomoza mbele, vimevimba, havina kazi. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mkataba wa kufunga mitambo ya kiwanda ambao hakuweza kuukimbia katikati. Akampigia mama yake simu.

"Mama, nina ombi."

"Nimeshafunga begi," akajibu Mama Cherehani. "Sema tu basi la kwanza linaondoka saa ngapi."

Siku za mwanzo zilikuwa nzito kwa wote wawili. Kumlisha mtu mzima kwa kijiko si jambo dogo, hasa kama mtu mwenyewe anasema asante kwa kila kijiko na wewe unasema samahani kwa kila tone linalomwagika. Kuoga ndiko kulikuwa balaa. Fundi alifumba macho kabisa, kama mtoto anayeamini kwamba asipoona haonekani. Mama Cherehani naye, kwa kumstahi, alielekeza uso ukutani, matokeo yake sabuni ikawa inaoga yenyewe pembeni na mkwe anatoka na povu masikioni.

Kwa kuwa maneno yalikuwa machache, Mama Cherehani aliweka nguvu kwenye usafi. Alisugua sufuria mpaka zikaona haya. Alifua mapazia. Mapazia yalipokauka akahamia sebuleni, kwenye meza ya kazi ya Fundi, mahali ambapo hakuwahi kupagusa. Juu ya rafu, ukutani, palikuwa na kisanduku cheusi chenye antena mbili na safu ya taa ndogo za kijani zinazochezacheza. Alikijua kwa sura. Hiyo ndiyo ruta, inayoleta intaneti nyumba nzima. Alikifuta mbele, akakifuta juu, akakigeuza. Nyuma, karibu na matundu ya nyaya, palikuwa na kitundu kidogo sana kilichozibwa na vumbi.

Akachomoa pini ya nywele.

Vumbi lilikuwa limeganda, kwa hiyo alibonyeza na kushikilia, akizungusha taratibu kama anayesafisha sikio la mtoto. Kwa ndani alihisi kitu kimebonyea. Taa zote zikazimika mara moja, kisha zikawaka pamoja. Mama Cherehani alisimama akiitazama ruta, akasubiri, akaona imetulia, akairudisha rafuni na kitambaa chini yake.

Haikupita muda Fundi akaita kutoka chumbani. Simu ya duka la dawa ilikuwa imempata akiwa amelala. Wanalalamika mtandao wao unajikongoja, naye alipotaka kufungua kitu kwenye simu yake kwa ncha ya kidole, akakuta hakuna waifai.

"Mama, hebu niangalizie. Taa za ruta zinawaka?"

"Zinawaka. Ila si kama jana. Jana zilikuwa zinacheza, leo zimenuna."

Fundi akaja mpaka mlangoni, mikono ameibeba mbele kama mtu aliyebeba trei. "Kuna mtu ameigusa?"

Mama Cherehani angeweza kuusingizia umeme. Umeme ulikuwa umekatika juzi tu, na ungeibeba lawama bila kunung'unika. Lakini alimwangalia yule binti na povu lake la jana bado limekaukia nyuma ya sikio, akashindwa.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nafuta vumbi. Kuna kitundu hapo nyuma kilikuwa kimeziba, nikakichokonoa kwa pini."

"Ukachokonoa kidogo tu?"

"Mwanangu, mimi nikisafisha, nasafisha."

Fundi aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na Mama Cherehani akadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea fremu ya mlango, plasta zikigongana, na ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kuona kwamba mkwewe ana pengo dogo katikati ya meno ya mbele, zuri, ambalo siku zote lilikuwa limefichwa na adabu.

"Hicho kitundu," Fundi akasema alipopata pumzi, "kimewekwa kwa ajili hiyo hasa. Ukikibonyeza ukashikilia, ruta inasahau kila kitu. Inarudi kama siku iliyotoka kiwandani. Haijui jina lake, haijui nyumba hii, hata sisi haitujui."

"Kwa hiyo nimeiua."

"Hujaiua. Imejisahau tu."

Akaketi akamweleza. Wateja wake, yaani duka la dawa, shule ya chekechea na karakana ya seremala, aliwahudumia akiwa hapo hapo nyumbani. Ruta zao zilikuwa zimefundishwa kuitambua ruta hii na kumfungulia mlango. Sasa hii imejisahau, milango yote imefungwa. Bahati nzuri alikuwa na nakala ya mipangilio yote kwenye kompyuta, faili moja dogo. Kinachotakiwa ni kuingia ndani ya ruta, kulipeleka lile faili, na kuiambia ruta ijisome upya.

"Kwa mikono mizima ni kazi ya kunywea chai," akasema, akaziangalia plasta zake. "Nitamwomba mwenzangu wa kazi. Anaweza kuja kesho kutwa."

Mama Cherehani alinyoosha mikono yake mezani, akaikagua upande mmoja na wa pili.

"Kwani vidole vyangu vina kasoro gani?"

Wakaanza na kebo. Waifai ilikuwa imezimika pamoja na kumbukumbu, kwa hiyo kompyuta ilipaswa kuunganishwa kwa waya. Mama Cherehani aliingia chini ya meza, magoti yakilalamika, akatoka na kebo ya buluu. Akaichomeka upande mmoja kwenye kompyuta na upande wa pili kwenye tundu la njano la ruta, mpaka ikalia *tik*.

Kompyuta ilifunguka yenyewe kwa kuuona uso wa Fundi. Wakafungua dirisha jeusi, tupu, lenye kijistari kimoja kinachopepesa. Mama Cherehani alitegemea picha na vitufe vya rangi, kama kwenye simu. Alipoona hakuna, akavuta kiti mbele, akakaa wima, viwiko karibu na mbavu.

"Hii naielewa," akasema. "Hii ni karatasi. Nisomee."

"Hapa tunaiandikia amri, nayo inajibu. Andika s, s, h. Nafasi. Root, ndilo jina la mwenye mamlaka yote mle ndani. Kisha ile a iliyozungushiwa mkia. Kisha anwani: mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta, moja, nukta, moja. Enta."

Vidole vilikwenda kabla sentensi haijaisha. Fundi, ambaye alikuwa amezoea kuwaona watu wakitafuta herufi kama waliodondosha sindano, alifunga mdomo na kutazama. Kisha kompyuta ikajibu kwamba haijui amri hiyo.

Fundi akainama kusoma. Mama Cherehani alikuwa ameanza kwa herufi kubwa, na mwishoni ameweka nukta.

"Mama, hapa hatuanzi kwa herufi kubwa."

"Hata mwanzo wa sentensi?"

"Hata mwanzo. Na mwisho hatuweki nukta."

"Haya." Akafuta. Alionekana kuumia kidogo, kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila kuchana nywele.

Safari ya pili kompyuta ilijibu kwa kelele. Herufi kubwa tupu zikajaa kwenye kioo, ndani ya mstari wa alama za hatari. Mama Cherehani akaondoa mikono.

"Inasema huyu siye. Inasema huenda kuna mtu mbaya anajifanya yeye."

"Ndiyo kazi yake kutuonya. Kila ruta ina alama yake, kama alama ya kidole. Kompyuta inaikumbuka ile ya zamani. Hii iliyojisahau imejitengenezea alama mpya, kwa hiyo kompyuta inashtuka."

"Imefanya vizuri kushtuka. Mlinzi wa ofisi yetu alikuwa hashtuki hata ukipita na meza kichwani."

Fundi akamwelekeza amri ya kufuta alama ya zamani, wakagonga tena. Kompyuta ikauliza kama wana hakika, Mama Cherehani akaandika yes, nao wakawa ndani. Ruta ilikuwa mpya kiasi kwamba haikuuliza hata neno la siri. Ilichora jina lake kwa herufi, ikangoja.

"Tumo?" akauliza kwa sauti ya chini, kama wameingia chumba cha mtu aliyelala.

"Tumo. Sasa tutoke."

"Tumesumbuka hivyo kuingia ili tutoke?"

"Nilitaka kuona kama inatupokea. Faili linatumwa kutoka huku kwetu. Andika s, c, p, nafasi, halafu jina la faili, halafu nafasi, halafu anwani ile ile, root na vyote, kisha nukta mbili, kisha mkwaju…"

Vidole vilisimama. "Zilizofuatana au zilizopandiana?"

"Nini?"

"Nukta mbili. Zipo zinazofuatana kama nyayo, zipo zinazopandiana. Bosi wangu mmoja alikuwa hatofautishi, nikachapa ripoti nzima upya."

"Zilizopandiana," akasema Fundi, na kuanzia hapo hakuzitaja tena nukta hizo bila kusema zimekaaje.

"Na mkwaju ni huu mstari uliolala?"

"Huo huo."

"Nilidhani unataka kunichapa."

Faili halikwenda. Ruta ikajibu kwamba chombo cha kupokelea mafaili hakimo ndani yake. Fundi akajipiga paji la uso kwa plasta, akajuta. Kompyuta yake ilikuwa inazungumza kwa mtindo mpya wa kutuma mafaili, na ruta ndogo kama ile inaujua wa zamani tu. "Ongeza kistari na O kubwa baada ya scp."

"O ya herufi au sifuri?"

"Ya herufi."

"Nauliza, maana kwenye mashine yangu zilikuwa zinafanana kama pacha."

Mstari ukatambaa kutoka kushoto, ukafika mia kwa mia kabla hawajapumua vizuri. Mama Cherehani akauliza kama ndiyo basi. Ndiyo basi. Maisha ya nyumba nzima, na milango ya wateja watatu, yalikuwa yamepita kwenye waya wa buluu katika muda wa kupiga chafya. Wakarudi ndani ya ruta, wakaorodhesha yaliyomo wakaliona faili limekaa mahali pake, wakaiambia ruta ijisome humo, kisha wakaizima na kuiwasha kwa amri. Taa zikafa. Wote wawili walikaa wakiitazama rafu. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, kisha zote zikaanza kucheza.

"Imekumbuka," akasema Mama Cherehani.

"Tuhakikishe. Tuingie tena tuone kama njia za wateja zimefunguka."

Wakapiga tena amri, na kelele za hatari zikarudi vile vile. Safari hii Mama Cherehani hakuondoa mikono. "Imerudisha alama yake ya zamani," akasema, "na sisi tumeshaandikisha mpya." Fundi akamgeukia, akatikisa kichwa kukubali. Wakafuta, wakagonga upya, na sasa ruta, ikiwa imerudiwa na akili zake zote, ikauliza neno la siri.

Fundi akaziangalia plasta zake.

"Sema," akasema Mama Cherehani, mikono imekaa tayari.

"Ngoja nijaribu mwenyewe."

Akachukua penseli kwa meno, akainama juu ya vitufe. Mama Cherehani, kwa adabu, akageukia dirishani. *Tak. Tak.* Penseli ikateleza. Ruta ikakataa. Akajaribu tena, shingo imepinda kama kuku anayedonoa, ikakataa tena.

"Mwanangu," akasema Mama Cherehani huku bado anatazama nje, "nimechapa barua za kuwaachisha watu kazi, kisha nikakutana nao koridoni nikawasalimia na kuwauliza watoto. Siri haijawahi kunitoka mdomoni."

Fundi akatema penseli. Akaangalia dari.

"Yote herufi ndogo. Panga."

Akachapa. Hakuna kilichotokea kwenye kioo. "Mbona haiandiki?"

"Inaandika. Inaficha tu, mtu asisome begani kwako. Kabati."

Kwa mtu asiyeangalia vidole wala kioo hilo halikuwa tatizo. Akachapa.

"Mama."

Akachapa.

"Anakuja."

Vidole vikachelewa kidogo, kisha vikachapa. "Yote pamoja?"

"Yote pamoja. Hakuna nafasi."

"Enta?"

"Enta."

Ruta ikafungua. Fundi akamtajia amri moja ya kuonyesha njia za wateja, na zote tatu zilikuwa hai. Kwenye chumba cha kulala simu ikaanza kulialia kwa ujumbe uliokuwa umekwama. Hakuna aliyeinuka.

"Huyo mama," akasema Mama Cherehani, "ni mimi?"

"Ni wewe." Uso wa Fundi ulikuwa umeiva. "Ile mara yako ya kwanza kuja. Nilikuwa hapa hapa naitengeneza hii ruta, mwanao akaniambia umeshapanda basi. Kabati lilikuwa limejaa nyaya, ukilifungua zinakumwagikia. Nikaona nisipojikumbusha nitasahau. Kila nikiingia kwenye ruta nilijiandikia. Baadaye nikalizoea."

Mama Cherehani alilikumbuka kabati lile. Shuka zilikuwa zimepangwa kwa rangi, taulo zimeviringishwa. "Nilirudi nyumbani nikamwambia dada yangu, yule binti ni mtu wa mpangilio wa ajabu, mimi ataniona wa ovyo."

"Kumbe ulifungua kabati?"

"Nilikuwa natafuta taulo." Akapangusa meza. "Nilichungulia."

Fundi akaanza tena kutikisika mabega.

"Usicheke. Mimi safari ile nilinunua viatu vipya ili usinidharau. Vilinibana, nikavivua chini ya meza."

"Nilidhani umenikasirikia. Watu wote waliinuka mezani, wewe ukabaki umekaa."

"Kiatu kimoja nilikuwa sikipati. Nilikuwa nakitafuta kwa mguu."

Hapo wakashindwa wote. Mama Cherehani alicheka akifuta machozi kwa pindo la nguo yake, kisha, kwa kuwa mwenzake hakuwa na mkono wa kujifutia, akamfuta na yeye.

"Nikitoa plasta nitalibadilisha neno hilo la siri," akasema Fundi.

"La nini? Refu, na hakuna atakayelikisia. Liache."

Baada ya siku ile hata bafuni mambo yalikuwa mengine. Mama Cherehani aliangalia anachosugua, na Fundi alifumbua macho na kutoa maelekezo: juu kidogo, kushoto, hapo hapo. Walikuwa na mengi ya kuzungumza, maana asubuhi walifanya kazi. Duka la dawa lilihudumiwa wa kwanza. Waligundua kwamba kuna kifaa kinachonyonya mtandao wote, wakakiwekea kikomo, na mfamasia akapiga simu kushukuru. Shule ya chekechea ilifuata. Fundi alikaa kwenye sofa, mikono juu ya mto, akisoma amri kwa sauti ya mtu anayesimulia. Mama Cherehani alichapa, akiuliza tu pale inapobidi. Alikuwa ameanza kuzijua amri kwa sura, na mara nyingine aliifikia enta akasubiri Fundi amalizie kusema, kwa heshima tu. Fundi alilijua hilo, na hakuharakisha.

Mwana wa Mama Cherehani alipata ruhusa fupi akaja bila kuwaambia. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka nje alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni, alipokuwa akisubiri koridoni na mkoba wa shule mama amalize kazi, akasimama barazani akiisikiliza. Kisha akaingia.

Mama yake alikuwa mezani, miwani kwenye ncha ya pua. Mkewe alikuwa kwenye sofa, macho yamefumbwa, anaonekana anasoma kitu kichwani.

"…mkwaju, config, mkwaju, network. Hifadhi. Sasa toka."

"Nimetoka," akasema Mama Cherehani. Ndipo alipomwona. "Ah, umekuja. Njoo nikusalimie, ila ngoja kidogo, seremala yuko hewani."

Alimbusu mkewe kipajini, akamshika mama bega, akatazama dirisha jeusi lililojaa herufi. Alikuwa amesafiri kutwa nzima akijiandaa kuwakuta wamechoshana, na alikuwa na maneno ya upatanishi aliyoyapanga njiani.

"Mama, pumzika," akasema. "Acha nichape mimi sasa."

Fundi akafumbua jicho moja. "Wewe unachapa kwa vidole viwili."

"Na unaangalia vitufe," akaongeza mama yake.

Akabaki amesimama na begi mkononi. Wanawake wakangoja kwa upole aondoke kwenye mwanga. Mwishowe akaenda jikoni, akabandika maji, akafungua kabati moja baada ya jingine akitafuta majani ya chai, wakati nyuma yake mkewe anaendelea kusoma na mama yake anaendelea kuchapa.

"Nukta mbili," alisikia Fundi akisema.

"Zilizopandiana?"

"Zilizopandiana."